Johannes Kepler na mkia unaolikimbia jua

Usiku mmoja wa mwaka 1577, mama mmoja wa kusini mwa Ujerumani alimpeleka mwanawe mahali pa juu akaone kometi, ile nyota yenye mkia. Mtoto huyo, Johannes Kepler, alikuwa hajatimiza miaka sita, na ndui ilikuwa imeshamwachia macho dhaifu.

Alizaliwa Weil der Stadt tarehe 27 Desemba 1571. Alisoma Tübingen, akafundisha hisabati Graz, kisha akahamia Prague, ambako mwaka 1601 alishika nafasi ya Tycho Brahe kama mwanahisabati wa Kaisari Rudolf wa Pili. Anakumbukwa zaidi kwa kuonyesha kwamba sayari hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu. Suala la mkia hutajwa mara chache.

Wengi hudhani mkia wa kometi hubaki nyuma, kama vumbi linalotimuliwa na basi. Sivyo. Tangu mwaka 1531, Peter Apian wa Ingolstadt alikwishaona kwamba mkia huelekea upande usio na jua. Kometi inapolikaribia jua, mkia hufuata nyuma. Inapoondoka, mkia ndio hutangulia. Kwa nini? Katika kitabu chake cha mwaka 1619, Kepler alijibu kwamba miale ya jua huchukua sehemu ya kometi na kuisukuma mbali.

Hakupatia kila kitu. Aliamini kometi husafiri kwa mstari ulionyooka, jambo la kushangaza kwa bingwa wa duaradufu. Na ile aliyoitazama mwaka 1607 ndiyo ya Halley, ambayo hurudi kila baada ya miaka 76 hivi. Ila kuhusu msukumo alikaribia sana. Mwanga wa jua husukuma mkia wa vumbi. Mkia wa gesi husukumwa na chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua, kama alivyoeleza Mjerumani mwingine, Ludwig Biermann, mwaka 1951.

Kitabu hicho kilipotoka, mama yule yule, Katharina, alikuwa akituhumiwa uchawi. Alikamatwa mwaka 1620, na Kepler akafunga safari kutoka Linz kwenda kumtetea. Aliachiwa huru mwaka 1621, baada ya miezi 14 kifungoni, akafariki mwaka uliofuata.

Kepler mwenyewe alifariki Regensburg tarehe 15 Novemba 1630. Vita vikapita hapo, na kaburi lake halijulikani lilipo.