Humphrey Bogart: alifika Ubundu, na filimu zake ziliisha namna gani

Mtu akipanda bato hapa Kindu na kushuka na Lualaba, safari inamufikisha Ubundu. Hapo bato haiwezi kuendelea, sababu mbele kuna maporomoko. Wakati wa Wabelgiji mji ule uliitwa Ponthierville, na kutoka pale treni ilikuwa inachukua watu na mizigo kilomita 125 mpaka Stanleyville, njo Kisangani ya leo. Karibu na Ubundu kuna mto mwingine, jina lake Ruiki. Mwaka 1951 wazungu wa sinema walitoka Stanleyville na treni ile, wakaenda kupiga kambi kandokando ya Ruiki, pahali panaitwa Biondo. Kati yao alikuwemo mwanaume wa miaka 51, mwembamba, sura ya mtu asiyelala vizuri, sigara haitoki mkononi. Alikuwa Humphrey Bogart, mchezaji wa sinema wa Marekani, na uso wake ulikuwa umekwisha kujulikana mbali sana.

Habari ya leo ni maisha yake, na zaidi ni miisho ya filimu zake, maana jina lake limeshikwa na ile miisho. Najua kuna watu wasiopenda kabisa kuambiwa mwisho. Wako na haki. Katika nyumba ya video, kijana aliyekwisha kuona filimu akianza kusema mbele ya saa kwamba yule atakufa, yule njo mwizi, watu wanamufokea, wengine wanamutoa inje. Lakini filimu za Bogart ziko na miaka 70, 80 na zaidi, na watu wanaojua mwisho kwa moyo bado wanakaa kuziangalia. Kwa hiyo nitasema yote bila kuficha. Asiyetaka, akunje gazeti hapa.

Alizaliwa New York tarehe 25 Desemba 1899, siku ya Noeli. Baba yake alikuwa daktari wa kupasua. Mama yake, Maud Humphrey, alikuwa mchoraji wa matangazo na vitabu vya watoto, na picha aliyomuchora mwanawe akiwa mchanga ilitumiwa kuuza chakula cha watoto. Yaani uso wake ulianza kazi mbele ya yeye mwenyewe kujua kusema. Wazazi walitaka awe daktari kama baba, wakamupeleka Andover, shule ya watoto wa matajiri. Mwaka 1918 shule ikamufukuza. Akaingia jeshi la majini, vita ya kwanza ikaisha, akarudi bila kazi ya maana, na polepole akajikuta kwenye tiyatri. Miaka zaidi ya 10 alicheza vijana wa nguo safi ambao leo hakuna anayewakumbuka.

Mwaka 1935 njo mambo yaligeuka. Alicheza katika tiyatri moja ya New York muuaji aliyetoroka gereza, na watu wakaogopa kweli. Filimu ilipotaka kufanywa, wenye kampuni Warner walitaka kumuweka mtu mwingine. Mchezaji mkubwa wa tiyatri ile, Mwingereza Leslie Howard, aliwaambia wazi kwamba Bogart asipokuwemo, na yeye hayumo. Bogart hakusahau: mwaka 1952 alipozaa binti, alimupa jina la Leslie.

Lakini angalia mtego wa kazi ile. Kuanzia 1936 mpaka 1940 Warner walimupa karibu kila mara mtu mbaya, jambazi wa mji, na jambazi katika filimu za wakati ule ilikuwa lazima afe. Alipigwa risasi, alihukumiwa, mwaka 1939 aliuawa na James Cagney. Mtu aliyelipa tiketi akimuona tu anaingia mlangoni alikuwa amekwisha kujua mwisho wake. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Uso wa Bogart wenyewe ulikuwa unasema.

Aliyemutoa pale ni John Huston, kijana mwandishi aliyetaka kuongoza filimu yake ya kwanza. Mwaka 1941 Huston alichukua kitabu cha Dashiell Hammett juu ya ndege wa Malta, sanamu ya zahabu na mawe ya bei iliyopakwa rangi nyeusi ili watu wasijue thamani yake. Kitabu kilikuwa kimetoka 1930, na kilikuwa kimekwisha kufanywa filimu mara 2. Siri ilikuwa inje tangu zamani. Watu katika hadithi ile wanauana juu ya sanamu. Mwishoni wanaipata, mnene mmoja anachukua kisu kidogo na kuanza kukwangua rangi, anakwangua, anakwangua tena, na chini yake hakuna zahabu. Ni risasi, ile madini nzito ya kijivu. Watu wetu wa Namoya na Salamabila hawahitaji kuelezwa uso wa mtu wa namna ile: wameuona mbele ya mizani. Kisha Bogart, mpelelezi wa kibinafsi, anamutoa kwa polisi mwanamke anayemupenda, sababu njo aliyemuua mwenzake wa kazi. Hapo watu walimuona Bogart anaishi mpaka mwisho, na bado anapoteza.

Mwaka uliofuata ilikuja ile ya Casablanca. Kazi ilianza Mei 1942 na karatasi za hadithi zilikuwa bado zinaandikwa. Ingrid Bergman, mwanamke wa filimu ile, alicheza siku mingi bila kujua kama mwishoni ataondoka na mume wake ao na Bogart. Basi wachezaji wenyewe walikuwa kama sisi watazamaji. Mwisho wake: usiku, uwanja wa ndege, ukungu, Bogart yuko na karatasi 2 za kuvuka mpaka, na anazitoa kwa mwanamke na mume wake, maana mume yule anapigana na Wanazi. Ndege inaruka. Bogart anabaki na kapiteni wa polisi Mfaransa, wanatembea wakizungumza namna ya kufika Brazzaville kwa watu wa de Gaulle. Eh, Brazzaville yetu ya ngambo ya mto! Na yote yalifanywa California, ndege ya nyuma ilikuwa ya karatasi ngumu. Hata neno la mwisho liliongezwa nyuma ya kazi kuisha. Bogart aliitwa tena kulirekodi sauti tu. Filimu ilipata zawadi kubwa ya Oscar. Yeye hakupata.

Mwaka 1944 alikutana na Lauren Bacall katika filimu nyingine. Yeye alikuwa na zaidi ya miaka 40 na bado yuko katika ndoa yake ya 3, binti alikuwa na 19. Walioana Mei 1945, na safari hii ndoa ilishika mpaka kifo.

Sasa tufike kwenye ile ambayo mimi naona ni kubwa kuliko zote, na ningekuwa na uwezo ningeionyesha Kalima, Kailo, Punia, kila kariere penye ukuta mweupe. Inaitwa Hazina ya Sierra Madre. Huston aliifanya Meksiko mwaka 1947, ikatoka 1948, kutoka kitabu cha B. Traven, mwandishi aliyejificha maisha yake yote.

Wanaume 3 hawana kitu. Dobbs, njo Bogart, kijana Curtin, na mzee Howard, mchimbaji wa zamani, aliyechezwa na Walter Huston, baba mzazi wa John. Dobbs anashinda bahati nasibu kidogo, wanaweka pesa pamoja, wananunua punda na vyombo, wanapanda mlima. Mzee anawaambia tangu mwanzo kwamba zahabu inabadilisha mtu, na Dobbs anaapa kwamba yeye hapana. Wanachimba, wanaosha. Siku moja shimo linamuangukia Dobbs. Curtin anafika mlangoni, anasimama, anafikiri kidogo, maana fungu la mmoja likibaki wawili watagawana. Kisha anaingia na kumutoa. Ile dakika ya kusimama mlangoni, kila aliyeshuka chini ya ardhi na wenzake anajua uzito wake.

Mara ya kwanza zahabu iliwekwa pamoja. Halafu Dobbs akataka igawanywe kila mangaribi, kila mtu afiche yake. Toka siku ile hakuna anayelala. Mtu akiamka kwenda kukojoa, mwingine anaamka kuangalia pahali alipoficha. Curtin anaona mjusi mwenye sumu anaingia chini ya jiwe, anainua jiwe amuue. Dobbs anakuja na bunduki, maana chini ya lile jiwe njo kulikuwa fungu lake. Hakuna mwizi bado, lakini wizi umekwisha kuingia kambini. Mzee peke yake ana akili tulivu. Wanapotaka kuondoka, anawalazimisha kufukia shimo na kurudisha mlima kama walivyoukuta, kwa sababu mlima umewapa. Namna ile, kwetu, nimeiona kwa wachache.

Njiani mzee anaitwa kwenye kijiji kumuponyesha mtoto. Dobbs na Curtin wanabaki wawili. Dobbs anamupiga risasi mwenzake usiku, anafikiri amekufa, anakimbia na punda na zahabu yote. Karibu na mji, kwenye kisima, majambazi wanamukuta anakunywa maji na wanamuua kwa panga. Wanataka viatu vyake, punda na ngozi za wanyama. Mifuko midogo wanaifungua, wanaona vumbi, wanafikiri ni mchanga uliowekwa ndani ya ngozi ili kuzidisha uzito wa mzani. Wanaimwanga chini. Upepo unakuja, na zahabu yote inarudi kule ilikotoka.

Curtin hakufa, na mzee amerudi. Wanafika mbio, wanakuta mifuko mitupu na vumbi linazunguka. Mzee anaangalia, kisha anaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka kijana naye anacheka. Mzee anarudi kijijini kuwa mganga, kijana anaelekea Texas. Ndiyo mwisho.

Nimekwisha kuisema yote, na hakuna kilichopotea. Nani anaijua nini zahabu na nani haijui, njo kitu kinachouma pale, na kinauma zaidi mtu akijua mbele: kila mfuko unapojazwa mlimani, unasikia upepo. Hata wale waliomuua Dobbs hawakupata kitu, walikamatwa juu ya punda waliotaka kuuza. John Huston na baba yake walipata Oscar wote wawili. Bogart, aliyekubali kuwa mbaya na mchafu na kufa kwa aibu, hakuwekwa hata katika orodha.

Aliipata kwa kazi ya mto wetu. Filimu ya Ruiki ilikuwa African Queen, mwongozaji tena ni Huston, mwanamke ni Katharine Hepburn. Bacall alimufuata mumewe mpaka Biondo. Walikaa katika vibanda vilivyojengwa na watu wa pale, siafu wakaingia kambini, na siku moja mashua yenyewe ya filimu ikazama mtoni. Hepburn aliugua tumbo vibaya, na wengine wengi pia. Bogart na Huston, waliokunywa wiski kuliko maji, walibaki wazima. Wakahamia Uganda, ku Butiaba na maporomoko ya Murchison, kisha wakamalizia London. Watu wa Biondo waliojenga kambi, majina yao hutayaona katika filimu.

Hadithi ni ya 1914: mwanaume wa mashua na mmisionari mwanamke wanataka kuzamisha meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Katika kitabu cha C. S. Forester cha 1935 hawafaulu. Mashua inazama katika tufani, Wajerumani wanawakamata na kuwarudisha kwa Waingereza, na ni Waingereza wanaozamisha meli. Huston hakupenda. Katika filimu wanataka kunyongwa, wanaomba kufungishwa ndoa kwanza, na meli inajigonga yenyewe kwenye mabaki ya mashua yao penye mabomu. Inalipuka, wao wanaogelea wakiimba. Watu walipiga makofi duniani kote. Mimi naona ni mwisho wa kupendeza lakini mwepesi, bahati imefanya kazi yote.

Mambo ya kweli yaliishia namna nyingine. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua 2 ndogo, Mimi na Toutou, kupitia Katanga, wakazishusha na Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, kisha kwa treni mpaka Kalemie. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, hazikuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, wakiwa wamepaka mitambo mafuta isiharibike. Mwaka 1924 iliinuliwa, na tangu 1927 iliitwa Liemba. Watu wa Tanganyika wamesafiri ndani yake kwa miaka mingi.

Machi 1952 Bogart alipewa Oscar, ya kwanza na ya pekee. Aliendelea na kazi miaka 4. Mwanzoni mwa 1956 walikuta kansa kwenye njia ya chakula. Walimupasua Machi, haikusaidia. Mwishoni alikuwa amekonda mpaka walimushusha chumba cha chini kwa kilifti cha vyombo, aketi na wageni wake saa ya jioni. Alikufa nyumbani Los Angeles tarehe 14 Januari 1957, miaka 57, ameacha Bacall na watoto 2.

Huston njo alisema maneno ya msiba. Hakukuwa na sanduku kanisani. Pahali pake waliweka mfano mdogo wa Santana, mashua ya matanga aliyoipenda kuliko nyumba. Mwili ulichomwa, majivu yakawekwa Forest Lawn, Glendale, na pamoja nayo Bacall aliweka filimbi ndogo ya zahabu ambayo Bogart alimupa mbele ya ndoa, kwa kukumbuka filimu ile waliyokutania.