Epictetus: Mtumwa aliyewafundisha walio huru

Epictetus alizaliwa karibu mwaka 50 baada ya Kristo, Hierapolis, katika Uturuki ya leo. Alikuwa mtumwa, tena kilema wa mguu. Huko Roma bwana wake alikuwa Epaphroditus, mtu wa karibu wa Kaizari Nero.

Kazi, chakula, hata mwili wake, vyote viliamuliwa na mwingine. Lakini akagundua kitu: mawazo yake hakuna wa kumpangia.

Alipoachwa huru akafundisha falsafa, mpaka Kaizari Domitian alipowafukuza wanafalsafa Roma. Basi akahamia Nicopolis, Ugiriki, akafungua shule. Hakuandika kitabu, mwanafunzi wake, Arrian, ndiye aliyeyaandika mafundisho yake.

Safari moja mwizi alimwibia taa ya chuma. Akasema atanunua ya udongo, yakaisha.

Somo lake ndilo hilo: tenganisha unayoyaweza na usiyoyaweza. Foleni huiwezi. Umeme ukikatika, huuwezi. Mtu akisoma ujumbe wako asijibu, naye humuwezi. Ila hasira unazomjibu nazo ni zako, na hizo unaziweza.