Mwenye Heri Anuarite: Siku Moja Moja kwa Ajili ya Yezu

Tunapohesabu miaka ya parokia, tukumbuke kwamba miaka yote imefanyika kwa siku moja moja. Ndiyo sababu tumependa kuwaeleza maisha ya binti wa nchi yetu, Mwenye Heri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Wengi wanaujua usiku aliokufa. Ni wachache wanaozifikiri siku zilizoutangulia usiku ule.

Alizaliwa Wamba tarehe 29 Desemba 1939, katika kabila la Wabudu, mtoto wa nne kati ya mabinti sita. Nengapeta ndilo jina alilopewa nyumbani. Anuarite lilikuwa jina la dada yake, aliloandikiwa masomoni, likabaki kwake. Mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake. Jamaa ile ilionja uchungu: baba alimwacha mama kwa sababu hakumzalia mtoto mwanamume. Basi, tangu utoto Anuarite alijifunza kusaidia nyumbani, na kusamehe.

Alipotaka kuwa mtawa, mama yake hakukubali. Siku moja kamio ilipokuja kuwachukua wasichana waliokwenda Bafwabaka, kwenye utawa wa masista wa Jamaa Takatifu, naye alipanda pamoja nao bila kuaga. Mama alipata habari baadaye, na mwishowe akamwacha afuate wito wake. Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake za kwanza, akaitwa Marie-Clémentine. Wazazi wake walileta mbuzi wawili kwa furaha. Lakini baadaye mama, akilemewa na umaskini, alimwomba arudi nyumbani kuitunza jamaa. Anuarite alimpenda sana mama yake. Hata hivyo alikaa katika ahadi yake. Hivyo ahadi aliyoitoa siku moja, ilimpasa kuitoa tena siku nyingine nyingi.

Na siku hizo zilikuwaje? Alifundisha watoto wa masomo ya msingi. Alitunza sakristia. Alipika chakula cha wenzake. Kazi zile ambazo wengine walizikwepa, yeye alizichukua kwa moyo mkunjufu. Alipenda kucheka na kuwafurahisha wenzake, lakini alihuzunika alipoona utawa unachukuliwa kwa uvivu, akasema wazi. Hakuna jambo la ajabu katika kazi hizo. Katika parokia yetu wako mama na baba wengi wanaozifanya kila siku, bila mtu kuwashukuru.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulienea mashariki na kaskazini mwa Kongo. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawapandisha masista wote katika kamio. Anuarite alitia mfukoni sanamu ndogo ya Bikira Maria. Njiani masista walisali rozari. Walifikishwa Paulis, ndiyo Isiro ya leo.

Usiku ule mkubwa mmoja wa askari alitaka kumchukua kwa nguvu awe mke wake. Anuarite alikataa. Alitishwa, akakataa tena. Alipigwa vikali, hakugeuka. Na katikati ya mapigo alimwambia yule aliyempiga kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui analolitenda. Askari wakamchoma, kisha akapigwa risasi. Alikata roho usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, zikibaki wiki nne tu atimize miaka 25. Baadaye, mwili wake ulipotafutwa kaburini, sanamu ile ndogo ilisaidia kumtambua.

Tarehe 15 Agosti 1985, Kinshasa, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Siku hiyo Papa naye alimsamehe muuaji kwa jina la Kanisa lote. Kila tarehe 1 Desemba tunamkumbuka.

Ndugu wapendwa, usiku ule Anuarite hakupewa nafasi ya kujitayarisha. Hakuwa na mafungo, wala padri wa kumshauri. Alikuwa na kile tu alichokiweka moyoni siku kwa siku, darasani, jikoni na sakristiani. Aliyezoea kumsamehe baba yake aliweza kumsamehe na muuaji wake. Sisi nasi hatujui siku yetu kubwa itakuja lini, wala kwa sura gani. Labda ni ugonjwa, labda ni vita, labda ni jirani anayetudhulumu. Lakini siku ya leo tunayo mkononi. Anayengoja kesho ili asali, apatane na ndugu yake au alipe deni lake, anaitupa leo ambayo Mungu amempa.

Wale waliotangulia kuijenga parokia hii walileta kila mmoja kazi ya siku yake. Sasa ni zamu yetu. Mwenye Heri Anuarite atuombee, tusiipoteze hata siku moja.