Sidi Mubarak Bombay: mtumwa wa zamani aliyevuka Afrika kwa miguu

Msikilizaji wetu, ukivuka daraja la Ruvu kutoka Mlandizi kwenda Chalinze, unakatiza bonde lililopitiwa na msafara wa Waingereza Richard Burton na John Speke mwaka 1857. Walitokea Kaole, karibu na Bagamoyo, wakapita nchi ya Wazaramo, ambako leo kuna wilaya zetu za Kibaha na Kisarawe. Majina yao tuliyasoma shuleni. Leo tunamzungumzia aliyekuwa nao, Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao. Angali mtoto alitekwa kijijini kwao, akapelekwa Kilwa, kisha Unguja, akauzwa kwa mfanyabiashara aliyemchukua hadi India. Huko ndiko alikopata jina la mji wa Bombay, ambao leo unaitwa Mumbai, na akajifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki, alipata uhuru, akarudi Unguja na kuwa askari wa Sultani.

Lugha ile ndiyo iliyompa kazi. Speke hakujua Kiswahili. Yeye na Bombay walielewana kwa Kihindustani. Maswali ya Speke kuhusu mito, milima na maziwa yalipita kinywani mwa Bombay, na majibu ya wenyeji vilevile. Februari 1858, wakiwa kilimani, Burton aliona kitu kinang'aa mbele yao asijue ni nini. Speke macho yalikuwa yanamuuma, haoni vizuri. Bombay ndiye aliyewaambia kuwa yale ni maji. Lilikuwa Ziwa Tanganyika. Agosti mwaka huohuo alikuwa na Speke walipoliona ziwa kubwa la Mwanza.

Baadaye alisafiri na Speke na Grant hadi Misri, 1860 hadi 1863. Mwaka 1871 alikwenda na Stanley kumtafuta Livingstone, wakamkuta Ujiji. Mwaka 1873 alitoka Bagamoyo na Cameron, na mwaka 1875 wakafika bahari ya Atlantiki, Angola.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunuku medali ya fedha, na mwaka 1876 kikampa malipo ya uzeeni. Alifariki mwaka 1885.

Ziwa la Mwanza lilipewa jina la malkia wa Uingereza. Basi, tunapowasimulia watoto habari za wavumbuzi, tuwaambie pia nani aliyewaulizia wenyeji njia.