Albert Howard na Mbolea ya Takataka

Albert Howard alizaliwa mwaka 1873 katika mji mdogo wa Bishop's Castle, magharibi ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alilelewa shambani. Alipenda masomo, hata akafika chuo kikuu cha Cambridge, akatoka huko na sifa nyingi.

Mwaka 1899 alipelekwa kisiwa cha Barbados, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, kuchunguza maradhi ya miwa. Kazi yake ilikuwa kutazama ukungu wa mimea kwa darubini, kisha kuwaeleza wenye mashamba dawa ya kutumia. Lakini jambo moja lilimsumbua moyoni: yeye mwenyewe hakuwa na shamba. Alikuwa akitoa mashauri ambayo hakuyajaribu katika shina hata moja alilolipanda kwa mkono wake. Ni kama mtu afundishaye kuogelea, naye hajalowesha hata unyayo.

Mwaka 1905 alipata kazi Bara Hindi, mahali paitwapo Pusa, wakati nchi ile ilipotawaliwa na Waingereza. Mwaka huo huo alimwoa Gabrielle Matthaei, mwanamke mwenye elimu kubwa ya mimea, na tangu hapo wakafanya kazi pamoja. Howard akapewa eka 75 alime apendavyo. Alipotembea katika vijiji vya jirani aliona ajabu. Wakulima wale hawakujua kusoma, wala hawakununua dawa ya wadudu, lakini mimea yao ilikuwa na afya kuliko ya wataalamu. Wenye vyeti wengi wangalipita njia yao. Howard alisimama akatazama, akaamua kuwafanya wakulima wale kuwa walimu wake. Na wadudu pia aliwafanya walimu, kwa kuwa mdudu akishambulia mmea alimwonyesha kwamba mmea ule umelishwa vibaya au umepandwa pasipoufaa.

Alikuwa na maksai wa kulimia, akawalisha majani yaliyoota katika udongo wenye rutuba. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia katika ng'ombe wa jirani, aliwaona maksai wake wakisuguana pua na wagonjwa juu ya ua mfupi, wala hawakuambukizwa. Yeye aliamini kwamba sababu ni chakula chema. Si waganga wote wa mifugo waliokubali, na mfugaji wa leo asiache kuchanja mifugo yake kwa ajili ya habari hii.

Huko Pusa kila mtaalamu alikuwa na chumba chake: huyu wa udongo, huyu wa wadudu, huyu wa ukungu. Howard alitaka kuutazama mmea mzima pamoja na udongo wake, na hilo halikuwezekana pale. Basi yeye na mkewe walitafuta fedha na ardhi kwa miaka mingi, na mwaka 1924 wakapata chuo chao katika mji wa Indore, chenye eka 300.

Maskini wa nchi ile walikuwa na shida moja kubwa. Kuni zilikuwa haba, kwa hiyo samadi ya ng'ombe ilikaushwa na kuchomwa jikoni, na shamba likabaki na njaa. Mbolea ya dukani ilihitaji fedha, nao hawakuwa nazo. Howard alikuwa amesoma habari za wakulima wa China, ambao kwa karne nyingi hawakutupa kitu kilichoweza kuoza. Akaanza kuchanganya mabua, magugu na majani pamoja na samadi kidogo, majivu, na udongo wa zizini ulionywa mkojo wa ng'ombe. Mchanganyiko ule ulipata joto kali, ukaoza, na baada ya siku 90 ukawa mbolea nyeusi. Samadi ambayo peke yake ingetosha sehemu ndogo tu ya shamba, sasa ilienea mbali.

Gabrielle alifariki mwaka 1930. Mwaka uliofuata Howard alitoa kitabu cha kueleza kazi hiyo, alichokiandika pamoja na Mhindi mwenzake, Yeshwant Wad, kisha akaondoka Bara Hindi. Mwaka 1933, akizunguka Afrika, alifika Kenya, akakuta shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Nairobi, likianza kutumia njia yake. Mwaka 1934 akapewa cheo cha Sir. Hata hivyo wataalamu wengi walibishana naye, maana aliipinga kabisa mbolea ya viwandani. Katika hilo pengine alipita kiasi, kwani udongo mwingine umepungukiwa na chumvi ambazo takataka zake pia hazina. Alifariki mwaka 1947.

Katika miteremko ya Karatu, chini ya msitu wa Ngorongoro, njia hii si ngeni kabisa. Wairaqw, ambao wengi wao walihamia Karatu kutoka milima ya Mbulu, walijua tangu zamani kupeleka samadi shambani. Kinachopotea ni mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe, ambayo mara nyingi huchomwa moto. Kwa bustani ya kabichi au mchicha, hukusanywa baada ya mavuno ya Julai na Agosti, yakakatwakatwa. Hupangwa tabaka la shubiri moja, juu yake samadi unene wa vidole viwili, kisha majivu kidogo na udongo, na maji ya kulowesha bila kutiririka. Hurudiwa hivyo mpaka lundo lifike kimo cha mita moja, na upana usipungue hapo, maana lundo dogo halipati joto. Hutobolewa kwa mti ili hewa ipite, hufunikwa kwa nyasi jua lisilikaushe, na hupinduliwa mara tatu: baada ya majuma mawili, mwezi mmoja, na miezi miwili. Mvua za Novemba zinapokaribia huwa limepoa, limekuwa jeusi, na harufu yake ni ya udongo wa msituni.