Mikhail Tsvet, mtu wa majani aliyetusaidia kupima visima

Fundi akisafisha vyuma kwa dawa ya kuondoa grisi yenye klorini kisha akaimwaga chini, dawa hiyo inaweza kufika kwenye maji ya kisima. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko maji, huzama. Kwa macho hatuwezi kuijua. Maabara huitambua kwa njia iitwayo kromatografia, na aliyeianzisha hakuwa mtu wa visima bali wa mimea.

Mikhail Tsvet alizaliwa Asti, Italia, mwaka 1872, baba yake akiwa Mrusi. Mama alifariki mtoto akiwa bado mchanga, naye akakulia Uswisi. Mwaka 1896 alipata udaktari wake Geneva, akaenda Urusi kutafuta kazi. Huko shahada ile haikutambuliwa! Ikambidi aanze upya, akapata nyingine Kazan mwaka 1901.

Akiwa Warsaw alijaza unga wa chokaa katika bomba jembamba la kioo, akamimina juu yake rangi iliyotolewa kwenye majani. Sisi tukitazama chai ya Mufindi au Rungwe tunaona kijani tu. Ndani ya bomba kijani kilijigawa kuwa mikanda, mingine ya njano, kwa sababu rangi nyingine hushikwa sana na chokaa na nyingine huteremka upesi. Mwaka 1906 aliiita njia hiyo kromatografia. Jina lake Tsvet, kwa Kirusi, maana yake ni rangi.

Wakemia wa wakati ule walimpinga, Leon Marchlewski akiwa mmoja wao. Vita ya Kwanza ya Dunia ikamwondoa Warsaw. Alifariki Voronezh mwaka 1919, akiwa na miaka 47, kazi yake ikiwa karibu imesahauliwa.

Mwaka 1931 watafiti wa Heidelberg waliifufua. Mwaka 1952 James na Martin, wa Uingereza, walitumia gesi badala ya kimiminika: sampuli hugeuzwa mvuke, gesi huusukuma kwenye bomba refu, na kila kemikali hutoka kwa wakati wake. Baadaye James Lovelock alitengeneza kinasio ambacho hugundua klorini hata ikiwa kidogo mno.

Kwetu, Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mbeya. Ukishuku kisima chenu, uliza kwanza namna ya kuchukua sampuli. Kwa dawa hizi chupa hujazwa mpaka juu, hewa isibaki, maana huruka upesi na maabara itapima maji matupu.