Padri Guido Haazen na Misa Luba ya Kamina

Reli itokayo Kolwezi hupita Tenke, huvuka mto Lualaba pale Bukama, ndipo hufika Kamina. Katika mji huo, mwaka 1953, alifika padri mmoja kijana wa shirika la Mtakatifu Fransisko, jina lake Guido Haazen. Alizaliwa Antwerp, katika nchi ya Ubelgiji, tarehe 27 Septemba 1921. Huko Kamina alikabidhiwa kazi ya shule.

Siku zile, katika misheni nyingi za Afrika, Wakristo waliimba kwa sauti za Ulaya, wakifundishwa nota kwa nota. Ngoma ilibaki nje ya mlango wa kanisa, kwa maana mapadri wengi waliihesabu kuwa chombo cha mizimu na ulevi. Hata Wakristo wengine wazee, waliokwisha kutupa hirizi zao, hawakupenda kuisikia karibu na altare. Basi mtu aliyebatizwa alikuwa kama mwenye vinywa viwili, kimoja cha kuimbia kanisani na kingine cha kulilia wafu wake nyumbani.

Padri Haazen alikusanya watoto wa kiume wapata 45, wenye miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu wapata 15 wa Kamina. Kwaya hiyo iliitwa Troubadours du Roi Baudouin, yaani waimbaji wa Mfalme Baudouin, aliyetawala Ubelgiji wakati ule. Naye akafanya jambo ambalo ni walimu wachache walifanyao: kabla ya kufundisha, alisikiliza. Aliwaacha watoto waimbe nyimbo za kwao, akaona ya kuwa sauti ya pili na ya tatu huzipata wenyewe, pasipo karatasi. Katika okestra za Ulaya mpiga filimbi hufuata yaliyoandikwa mbele yake. Huko Kamina mwimbaji aliongeza lake palepale, na wimbo haukuharibika.

Ndivyo ilivyozaliwa Misa Luba. Maneno yalibaki ya Kilatini, yaleyale ya Misa ya kila Dominika. Bali sauti zilitoka kwa Baluba na kwa watu wa Kasai. Kyrie, yaani Bwana utuhurumie, iliimbwa kwa namna ya kasala, maombolezo ya msiba ya Kasai; na ilikuwa haki, maana aombaye huruma ya Mungu hulia kama mfiwa. Sanctus ilifuata wimbo wa Kiluba wa kuagana. Ilipofika Hosana, mwendo ulikuwa ule wa kuchezwa.

Tarehe 23 Machi 1958, Dominika, wiki mbili kabla ya Pasaka, misa hiyo iliimbwa mara ya kwanza katika misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina. Ngoma iliyokuwa nje sasa ilikuwa ndani.

Mwaka uleule kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba Ubelgiji, penye maonyesho makubwa ya Brussels, na Uholanzi na Ujerumani pia. Sahani ya santuri ikatolewa, ikasikika katika nchi nyingi. Mwimbaji aliyetangulia wenzake alikuwa Joachim Ngoi. Hapa yafaa kusema wazi ya kuwa wengi walioinunua sahani hiyo walilijua jina la padri, lakini hawakujua la mtoto hata mmoja, ingawa nyimbo zilikuwa za wazee wao na nyingi ya sauti zile walizipata wenyewe.

Ilipita miaka mitano na zaidi. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso Mkuu wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, uliagiza ya kuwa muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Watoto wa kwanza wa Kamina walikuwa wamekwisha kuwa vijana, wameota ndevu.

Padri Haazen alirudi Ubelgiji, akafa mwaka 2004.